Jina la Hiribae Kwenye Karatasi ya Kazi

Buya, wewe na wenzako mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu na bado nikiamka naruka kutazama saa, kwa hiyo afadhali niandike sasa. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Mishahara yetu mnaijua, na cheo changu tangu mwanzo hadi mwisho kilikuwa karani wa safari, yaani mtu wa kulaumiwa gari likichelewa. Nitaandika juu ya nyongeza ya mafuta, yaani pesa ya dizeli anayotozwa mteja juu ya nauli ya mzigo, na jinsi programu inavyoamua nyongeza ipi iangukie kazi ipi. Mtasema hilo ni jambo kavu. Nami nilidhani hivyo.

Nilifika Garsen nikiwa msichana wa Kigiriama kutoka upande wa Marafa, sijui lolote la mto. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya pampu yetu ya dizeli, na ndani yake alikaa Mzee Hiribae, Mpokomo wa kijiji cha mtoni, aliyepanga safari zote za magari yetu. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza habari ya cheti. Aliniuliza mto Tana unatoka wapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba unatoka Hola. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema hata Hola unapita tu kama abiria. Unatoka milimani mbali sana, akanieleza, na mvua ikinyesha huko maji huchukua siku kadhaa kutufikia, kwa hiyo Garsen inaweza kufurika jua likiwaka na vumbi likiruka sokoni.

"Hapa usitazame mbingu, Kadzo," aliniambia. "Mbingu ya hapa haijui kitu."

Sikumwamini hadi nilipoona mwenyewe. Ilikuwa asubuhi nyeupe, bila wingu hata moja, na dereva mmoja alirudi kutoka vijiji vya mtoni. Alisema alikuta maji barabarani. Hayakuwa yanakimbia wala hayakuwa na sauti. Yalikuwa yamelala tu juu ya barabara, mahindi yamesimama ndani yake, kama kwamba yamekuwapo hapo siku zote na barabara ndiyo iliyokosea njia. Nilicheka kidogo. Mzee Hiribae hakucheka.

Kwenda vijiji hivyo kuchukua maembe na mpunga kulikuwa na njia mbili, na bado zipo. Njia ya chini inafuata mashamba ya ukingoni. Ni fupi, na udongo wake hushikamana vizuri wakati wa kiangazi. Njia ya juu inazunguka malishoni kwa Waorma, mchanga mtupu, gari linapiga kelele njia nzima na kunywa dizeli karibu mara mbili. Nyongeza ya mafuta ya njia ya juu ilikuwa kubwa, na wateja waliichukia kama kodi. Zamani zile Mzee Hiribae ndiye aliyeamua. Kila asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri, mtu alishuka mtoni kwao kutazama kijiti chenye alama ambacho Mzee alikuwa amekichomeka ukingoni, akanusa maji, akatazama siafu wanaelekea wapi. Nimeandika "mtu" kwa makusudi, nanyi mtajua sababu. Kisha Mzee alikuja ofisini, akaandika kwenye daftari chini au juu, na hakuna aliyebishana naye.

Halafu ikaja programu. Fundi wake alitoka Mombasa, kijana mpole aliyekuwa akijifuta jasho kwa karatasi za kuchapishia. Alitufundisha siku mbili, na nitawapa kwa ufupi kwa sababu naona ninyi mnabonyeza tu bila kujua mnachobonyeza. Programu haikisii. Inauliza maswali kwa mpangilio, na swali la kwanza linalojibiwa ndiyo ndilo linaloshinda. Yanayofuata hayaulizwi hata moja. Kwanza inauliza kama mteja ana makubaliano yake ya pekee. Kama hana, inauliza kama njia ina kanuni yake. Kama haina, inatazama aina ya gari, kwa kuwa lori la ng'ombe halinywi sawa na pikapu. Yote yakikosekana inachukua kanuni ya jumla. Na kila kanuni ina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, nayo hupimwa kwa siku ya kupakia mzigo, si siku mteja alipopiga simu.

Hilo la tarehe lilituletea kesi yetu ngumu ya kwanza. Mfanyabiashara wa ng'ombe wa Bangale alitoa oda bei ya dizeli ikiwa chini, barabara ya kwao ikamchelewesha, akapakia bei ikiwa imeshapanda. Alikuja mwenyewe hadi Garsen, akaketi mbele ya kompyuta na kuihutubia. Alisema yeye ameacha ng'ombe wamesimama juani, na hiki kidude kinamweleza habari za tarehe. Mzee Hiribae alimletea chai, akamwacha aseme yote, kisha akamwambia kwamba gari lilinywa dizeli siku lilipotembea, si siku yeye alipoahidi kulipakia. Yule bwana aliwaza, akanywa chai, akakubali. Kompyuta haimwogopi mtu. Hiyo ndiyo adabu yake moja. Nyingine zote inabidi tuziongeze sisi.

Mzee alipoelewa yale maswali alimwomba fundi aongeze moja: je, maji yako njiani? Likijibiwa ndiyo, kazi zote za vijiji vile zichukue kanuni aliyoiita Mzunguko, yaani nyongeza ya njia ya juu na lita za njia ya juu. Fundi aliliweka swali hilo chini ya makubaliano ya mteja. Mzee akakataa, akataka liwe la kwanza kabisa. Fundi akamweleza kwa heshima kwamba mkataba wa mteja ndio mkubwa kuliko yote.

"Maji hayasomi mkataba," akajibu Mzee, na likawekwa la kwanza.

Mambo mawili zaidi, halafu niendelee. La kwanza, lita za dizeli hufuata kanuni. Karatasi ya kazi ikitoka na kanuni ya njia ya chini, dereva hupimiwa dizeli ya njia ya chini pale pampuni, haongezewi, kwa kuwa nyote mnajua dizeli ya ziada huishia kwenye dumu la nani. Kwa hiyo kanuni si bei tu. Ndiyo inayoamua gari lipite wapi, kwa sababu hakuna dereva atakayejaribu njia ya juu kwa lita za chini. La pili, kila karatasi huchapa jina la kanuni, na mbele yake jina la mtu aliyeigusa mwisho na saa aliyoigusa. Kuwasha na kuzima Mzunguko aliweza mtu mmoja tu, kwa jina lake na neno lake la siri, na aliweza kufanya hivyo kwa simu akiwa kwake. Kwa hiyo tulizoea kufungua ofisi, kuingiza kazi ya kwanza na kuona karatasi ikitoka imeandikwa: Mzunguko, Hiribae, saa kumi na mbili kasorobo.

Miaka yake ya mwisho ugonjwa wa sukari ulimla mguu. Alikuja kazini akishuka kwenye bodaboda kwa shida, na asubuhi nyingine hakuja kabisa, lakini Mzunguko uliwaka na kuzimika sawasawa. Kisha akafa, kiangazi, tukamzika kwao, na mimi nikakalia kiti chake. Nililia sana siku ile na sioni haya kusema. Ofisi ilifunga kabati lake, ikagawa viatu vyake vya mvua, ikamtoa kwenye orodha ya chai. Jina lake kwenye programu hakuna aliyelikumbuka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilifungua ofisi, jua limeshaanza kuuma, nikaingiza kazi ya maembe. Printa ikalia kama ilivyo desturi yake, ikatema karatasi. Mzunguko, Hiribae, saa kumi na mbili kasorobo. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile.

Niliisoma mara tatu. Nikaingiza kazi nyingine ya upande ule, nayo ikatoka vilevile. Mlinzi, aliyekuwa akinisaidia kuzipeleka karatasi pampuni, alilitazama jina, akaiweka karatasi mezani kwa ncha za vidole, akasema yeye leo atalinda lango tu. Buya, wewe ulikuwa umeajiriwa wiki ile. Uliinama nyuma yangu ukasema, "Mzee bado yuko job," ukacheka, kisha ukaona hakuna mwenzako anayecheka. Nilimpigia fundi. Akasema ameangalia, na kwamba kanuni imewashwa na Hiribae kwa neno la siri la Hiribae. Nikamwambia Hiribae yuko kaburini. Akaniuliza kama nina hakika ya tarehe kwenye kompyuta yangu.

Kuzima sikuweza, kwa hiyo magari yalipita njia ya juu, madereva wakinung'unika. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa juu ya njia ya chini, kimya, chini ya mbingu ile ile isiyojua kitu. Siku kumi baadaye, saa ile ile, Mzunguko ukazimika, na gari la kwanza lililoshuka likakuta tope linapitika.

Ilitokea tena msimu uliofuata, na tena baada ya hapo, wala haikukosea. Nawaambia ukweli, niliogopa, lakini hofu ukiishi nayo huwa kama jirani, mwisho mnasalimiana. Nilikuwa nikifungua mlango nabisha hodi kwanza. Madereva waliacha kuuliza hali ya njia na wakawa wanauliza Mzee amesema nini. Mama wa mahamri nje ya lango aliuliza vivyo hivyo kabla ya kumtuma mwanawe shambani. Hakuna aliyetaka kuchunguza zaidi. Nadhani tulikuwa tunaona raha, kila mmoja kwa siri, kwamba yuko anayetutazamia mto bila kudai mshahara.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Alikuja meneja mpya kutoka Mombasa, na pamoja naye mteja mkubwa wa maembe mwenye mkataba uliokataza nyongeza yoyote nje ya ile aliyokubali. Meneja alimwongezea karani wa safari, yaani mimi, kitufe kimoja kwenye programu: Badilisha kwa Mkono. Ukikibonyeza, unachagua mwenyewe kanuni ya kazi ile moja, na maswali yote yanarukwa. Alisema ni cha dharura.

Asubuhi moja ya jua kali Mzunguko uliwaka. Mteja akapiga simu kabla ya saa mbili: maembe yake yameiva, yakizungushwa mchangani yatafika Malindi yamekuwa uji, na nyongeza ya Mzunguko haimo katika mkataba wake. Meneja akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Aliniuliza ni nani aliyewasha kanuni hii. Nikajibu ni Hiribae. Akaniuliza Hiribae ni nani na yuko wapi, ili azungumze naye.

Mngejibu nini? Mimi nilikuwa mwanamke mzima, karani wa miaka mingi, na niliona haya kumwambia mtu wa Mombasa kwamba ofisi yetu inaongozwa na marehemu. Nikasema labda ni hitilafu. Mara tu nilipolisema neno hilo ilibidi nilifuate. Nikabonyeza kitufe, nikachagua kanuni ya njia ya chini, karatasi ikatoka na jina langu.

Dereva alikuwa Athmani, mtu wa Kipini, mwendeshaji makini kuliko wote niliowahi kuwapangia, aliyekuwa akifuta vioo vya gari kila asubuhi kwa kitambaa alichokifua mwenyewe. Aliipokea karatasi dirishani, akaisoma, akanitazama.

"Dada Kadzo, ndia ya tini ina salama leo? Mzee hakunena neno?"

"Hakusema," nilimjibu. "Kompyuta ilikuwa na makosa, tumerekebisha."

Akasema haya, bismillahi, akaenda kupimiwa dizeli. Alikuwa na lita za njia ya chini. Hata kama angebadili nia huko mbele, asingeweza kuzunguka.

Mchana simu yake haikupatikana. Kesho yake watu wa mtumbwi waliliona lori limeegemea mikuyu, maji yamefika kwenye vioo, na vioo ni safi. Athmani walimpata siku ya tatu, mbali chini, na akazikwa Kipini. Nilikwenda. Mkewe alinishukuru kwa kufika. Ningependa angenitukana.

Meneja alihamishwa, kitufe kikaondolewa, na mkataba wa yule mteja ukafutwa. Hayo mnayajua na sitayarefusha. Niliyoyafanya mimi niliyakubali kwa maandishi, na barua hiyo iko kwenye faili langu mkitaka kuisoma. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuniacha nilale, nalo ni yule aliyewasha. Nikampigia fundi tena. Safari hii aliuliza swali ambalo sisi sote, watu wazima na akili zetu, hatukuliuliza kwa misimu yote ile: simu ya marehemu iko wapi?

Mjane wake anaitwa Mama Maro. Nilimkuta kwenye kilima cha mchanga pamoja na watu wa kijiji, chini ya maturubai, maana maji yalikuwa bado hayajashuka. Simu ilikuwa mapajani mwake, imechomekwa kwenye sola ndogo. Nilimpa pole, naye akanipa pole ya Athmani, kisha nikamwuliza kuhusu Mzunguko. Hakuona ajabu yoyote. Alisema mguu wa mumewe ulipoharibika yeye ndiye aliyekuwa akishuka mtoni kila alfajiri, akirudi anamwambia, na mumewe anabonyeza. Baadaye macho nayo yakaisha, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, palipo kijani na palipo nyekundu, kwa kuwa kusoma hajui; neno la siri simu ilikuwa imelihifadhi yenyewe. Alipokufa hakuna aliyekuja kumwambia kazi imekwisha. Kwa hiyo akaendelea.

Nilimsikiliza nikiona aibu inanipanda hadi masikioni. Mzimu tuliobishia hodi miaka yote ile ulikuwa mama huyu, mwenye matope miguuni, ambaye hatukumpelekea hata sukari.

Nikamwuliza kama siku ile aliliona lori la Athmani. Akasema aliliona. Alikuwa ameshabonyeza, ameshawaambia majirani wapandishe mbegu na mbuzi, na walikuwa njiani wakipanda na mizigo vichwani, gari likapita mbele yao likishuka.

"Mimi naona gari ya ofisi inashuka," alisema. "Nasema, kumbe kompyuta imeona maji imerudi nyuma. Kompyuta inaona mbali kuliko mimi. Nikaambia watu, turudi."

Wakarudi wote na mizigo yao. Mbegu zilikwenda na maji, mbuzi pia, na wao wenyewe walitolewa juu ya mapaa kwa mtumbwi. Alitaka kumpungia Athmani mkono asimame, akasema, lakini akaona haya kumsimamisha mtu ambaye ofisi imeshamtuma.

Chini yetu maji yalikuwa yametanda hadi upeo wa macho, yakimeremeta, hayana hata wimbi. Mama Maro aliyatazama kwa muda, kisha akanigeukia, bila hasira, kama mtu anayetaka kujifunza kazi.

"Sasa hiyo siku," akaniuliza, "huko kwenu ni nani alienda kuangalia mto?"

Nikamwambia hakuna aliyekwenda.